Kuanza kazi ya kutunza wazee, walemavu na wagonjwa wa muda mrefu: mwongozo kwa vijana wetu, Kolwezi na Lualaba

Vijana wengi wa makanisa yetu ya mashariki hufunga safari kwenda Kolwezi. Ukiwauliza wanaenda kutafuta nini, wengi hujibu kwa neno moja: madini. Katika makala hii tunataka kuzungumza juu ya kazi nyingine iliyoko katika mji uleule, ndani ya nyumba za kambi za zamani za Gécamines, na iliyoko pia huku kwetu Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie. Ni kazi ya kumsaidia mtu mzima ambaye hawezi tena kuoga, kula, kuvaa au kutembea peke yake.

Kwa kawaida kazi hii huangukia mke, binti au mkwe. Mara nyingi hakuna aliyemfundisha. Siku moja mgonjwa anarudishwa nyumbani kutoka hospitali, na kuanzia hapo yeye ndiye anayemgeuza, anayemlisha na anayemwosha. Kama ni msichana, mara nyingi ndiyo siku anayoacha shule.

Tunasema wazi tangu mwanzo: kutunza mtu mzima ni ufundi. Unafundishwa kama useremala na ushonaji. Una makosa yanayoweza kuua. Anayeufanya anahitaji mwalimu, mkataba na malipo. Upendo ni wa lazima, lakini peke yake haumwonyeshi mtu jinsi ya kumwinua mwenye kupooza bila kumvunja bega.

Kazi hii ni nini

Msaidizi wa ulezi humsaidia mzee, mlemavu au mgonjwa wa muda mrefu katika mambo ya kila siku: kuamka, kujisafisha, kwenda choo, kula, kumeza dawa alizoandikiwa, kutoka nje, kwenda ibada, kuzungumza na watu.

Yeye si muuguzi. Hachomi sindano, haingizi mpira wa mkojo, habadilishi dawa. Si afisa wa huduma za jamii, ambaye kazi yake ni kufuatilia haki na karatasi za mtu na kutafuta msaada wa familia. Wala si mfanyakazi wa nyumbani: atafua shuka za mgonjwa, lakini hakuitwa kupikia watu wote wa uwanja. Hospitalini tumezoea kumwita ndugu anayelala karibu na kitanda «garde-malade». Msaidizi wa ulezi hufanya mengi yanayofanywa na huyo, ila yeye amejifunza, na anaandika alichofanya ili aweze kujibu akiulizwa.

Lengo la kazi si kumfanyia mtu kila kitu. Mzee anayeweza kushika kijiko apewe kijiko, hata kama bukari itamwagika na chakula kitachukua saa nzima. Tukimlisha kwa sababu tuna haraka, baada ya miezi michache mkono ule utakuwa umesahau kazi yake.

Kwa nini Kolwezi

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Kampuni iliwapa wafanyakazi nyumba kambini, mposho, shule za watoto na hospitali. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Mfanyakazi hakuwa na sababu ya kujiuliza nani atamtunza akizeeka.

Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilibomoka. Miaka iliyofuata uzalishaji wa shaba ulianguka, na mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari uliopata fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule sasa amepita 70. Wengi wa wazee hao bado wako Kolwezi na Likasi, katika nyumba za kambi kama Kapata, Luilu na Musonoi, na watoto wao wametawanyika.

Kundi la pili ni vijana walioumia. Tangu kobalti ionekane chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014, watu wamechimba mashimo hata ndani ya viwanja vyao. Mwezi Juni 2019 udongo uliporomoka katika eneo la mgodi wa KOV karibu na Kolwezi, ukaua watu zaidi ya 30. Habari kama hizo hutangazwa redioni kwa hesabu ya waliokufa. Aliyevunjika mgongo akabaki hai haingii katika hesabu hiyo. Anarudi nyumbani akiwa na miaka 22, hasikii miguu yake, na huenda ataishi hivyo miaka 40.

Sheria za nchi haziwasahau watu hawa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Mwanafunzi wa kazi hii azijue sheria hizi mbili, kwa sababu atakutana na familia zinazodhani kwamba mtu aliyepooza hana tena haki yoyote isipokuwa huruma.

Nani anaweza kuanza

Tunashauri mtu awe na miaka 18 au zaidi, ajue kusoma na kuandika, awe na mgongo mzima na uvumilivu. Msichana wa miaka 14 anayemwosha babu yake si mwanafunzi wa kazi. Ni mtoto aliyebebeshwa mzigo, na kanisa linapaswa kumrudisha shuleni.

Kazi hii inahitaji wanaume pia. Katika mila zetu nyingi baba hawezi kuvuliwa nguo na binti yake, sembuse mkwe wake. Kwa kukosa mwanaume wa kumwosha, mzee hukaa siku nyingi bila kuoga, na watu wa nyumbani husema amekuwa mkaidi. Hajawa mkaidi. Anaona haya.

Milango ya kujifunzia

Njia ya kuingia si moja. Tunaorodhesha milango ambayo kijana anaweza kuibisha:

- Kituo cha afya au hospitali. Mji wa Kolwezi una maeneo mawili ya afya, Dilala na Manika. Muuguzi mkuu wa kituo anaweza kumpokea mtu kwa staji ya kujifunza usafi, kugeuza mgonjwa na kutunza ngozi. Barua ya mchungaji husaidia, lakini aende mwenyewe aeleze anachotaka.
- Msalaba Mwekundu. Mafunzo yao ya huduma ya kwanza ni msingi mzuri: mtu aliyekabwa na chakula, aliyeanguka, aliyeungua, aliyezimia.
- INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964. Wengi huijua kwa ufundi wa umeme na magari. Inafaa kuiuliza juu ya mafunzo kazini, hasa kwa kanisa au kituo kinachotaka kuwafundisha watu kadhaa pamoja.
- Masomo ya huduma za jamii. Aliyemaliza shule ya sekondari na anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kuangalia taasisi za juu, kama ile ya masomo ya jamii (ISES) ya Lubumbashi.
- Mlezi mzoefu. Katika kila kanisa kuna mama aliyemtunza mume au mzazi miaka kumi, na mgonjwa wake hakupata kidonda. Huyo ni mwalimu. Alipwe kitu kwa kufundisha kwake.

Nchi nyingine zimeifanya njia hii kuwa ya kawaida. Huko Uingereza, ambako Wakongo wengi hufanya kazi ya kutunza wazee, mtu anaweza kuajiriwa na kujifunza huku akilipwa, na tangu mwaka 2015 anayeanza hupitia masomo ya msingi yaliyopangwa: heshima, siri, usalama, chakula na maji, kujikinga na maambukizo. Sisi hatuna fedha zile, lakini tunaweza kuufuata mpangilio ule.

Mkataba kabla ya kazi

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inautambua mkataba wa kujifunza kazi na kuupa sehemu yake. Hata pale ambapo mwajiri ni familia moja tu, tunashauri maneno yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Karatasi moja inatosha, ikionyesha:

- nani anafundisha, na atakuja mara ngapi kwa juma;
- kazi zipi mwanafunzi atafanya, na zipi hatafanya;
- saa za kazi, siku ya kupumzika, na nani anachukua zamu ya usiku;
- malipo, nauli na chakula, na tarehe ya kulipwa;
- nani ananunua glavu na sabuni;
- nani anaitwa kama mgonjwa anazidiwa usiku;
- kujifunza kutaisha lini, na baada ya hapo malipo yatakuwa kiasi gani.

Jambo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi. Tumeona vijana wakiitwa «wanafunzi» kwa miaka, kwa sababu mwanafunzi halipwi sawa.

Miezi mitatu ya kwanza

*Mwezi wa kwanza: kuangalia na kuuliza.* Mwanafunzi aingie, asalimu, aseme jina lake na sababu ya kuja kwake, na amwambie mgonjwa mwenyewe, si jamaa waliosimama mlangoni. Aulize anapenda kuitwaje: Papa, Mama, Nkambo, au jina la heshima la kazini. Aliyeongoza watu hamsini mgodini hapendi kuitwa kama mtoto. Aulize anapenda maji ya namna gani, anaamka saa ngapi, analala upande gani, nyimbo gani anazijua.

Ajifunze pia salamu chache za lugha ya mzee: Kisanga, Kiluba, Kilunda, Kichokwe, Kindembo. Mtu akishikwa na ugonjwa wa kusahau, au damu ikiharibika kichwani, mara nyingi lugha alizojifunza ukubwani hutangulia kupotea na ile ya mama yake hubaki. Kijana kutoka Kivu anaweza kudhani mzee amekataa kumjibu, kumbe hana tena Kiswahili cha kumjibia.

*Mwezi wa pili: kufanya pamoja na mwalimu.* Mambo manne ndiyo ya kwanza.

Ngozi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe karibu kila saa mbili mchana, na usiku kwa mpango uliokubaliwa na muuguzi. Kila siku aangaliwe visigino, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo, mabega na nyuma ya kichwa. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Pitisha mgongo wa mkono utafute mahali penye joto, pagumu au palipozidi kuwa peusi. Ukipapata, usipasugue. Mtoe mgonjwa asilalie hapo, na umwambie muuguzi siku hiyohiyo. Kidonda cha kulalia kikifika mfupani kinaweza kumuua mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe haukuwa wa kumuua.

Kumwinua. Miguu ya mlezi ifunguke, magoti yapinde, mgongo unyooke, mgonjwa awe karibu na mwili. Kiti cha magurudumu kifungwe breki kwanza. Aliyepooza upande mmoja asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega hutoka mahali pake. Kama mtu ni mzito, waitwe watu wawili. Hakuna sifa katika kumwinua peke yako.

Chakula. Mgonjwa akae wima, apewe kidogo kidogo, ameze kabla ya kijiko kingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama ina maji ndani, chakula kinaweza kuwa kinaelekea mapafuni. Simamisha, uarifu kituo cha afya.

Moto. Asiyesikia miguu haisikii pia inapoungua. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mlezi. Kolwezi iko juu ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Watu huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Usikubali. Hewa ya makaa huua watu wakiwa wamelala, na mwenye kupooza hawezi kukimbia. Ongeza blanketi.

*Mwezi wa tatu: kufanya mwenyewe, mwalimu akiangalia.* Hapa daftari huanza kuwa kazi ya mwanafunzi. Kila siku aandike tarehe na saa, alichokula na kunywa mgonjwa, choo, hali ya ngozi, dawa zilizomezwa, na jambo lolote jipya. Muuguzi akija atalisoma daftari kabla ya kumsikiliza mtu yeyote.

Mipaka

Mwanafunzi asibadilishe dawa, asipunguze, asiongeze. Asimwambie mgonjwa aache dawa za presha, sukari au kifafa kwa sababu ameombewa. Tunaomba, na dawa zinaendelea. Daktari ndiye atakayesema ziachwe.

Asitoe siri ya nyumba. Katika makanisa yetu siri hutoka mara nyingi kwa njia ya maombi: «Tumwombee Papa fulani, sasa anajichafulia kitandani.» Habari ya mwili wa mtu haiwi ombi la kanisa mpaka mwenyewe aruhusu.

Asishike fedha wala karatasi za nyumba, wala asiwe shahidi wa sahihi ya mzee. Nyumba za kambi zina ugomvi mwingi kati ya ndugu, na mlezi akiingia humo hatatoka salama.

Akiona alama za kupigwa, mgonjwa amefungwa kamba, au ananyimwa chakula, asinyamaze. Amwambie mwalimu wake na mchungaji, nao wafikishe jambo kwa wenye mamlaka.

Jambo moja tunalisema kwa uzito wa pekee. Mzee anayezungumza peke yake usiku, anayetembea bila nguo, anayewaita watu waliokufa zamani, mara nyingi ana ugonjwa wa ubongo. Katika miji yetu ya mashariki na kusini wazee kama hao wameitwa walozi, na wengine wameuawa. Mlezi aliyejifunza ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuieleza familia kinachotokea, kabla jirani hajaleta neno lake. Asibishane na mzee kama anasema ni mwaka 1975 na anachelewa zamu. Amuulize habari za zamu ile, ampe chai, na usiku utapita.

Mlezi naye ni mtu

Anayetunza bila kupumzika huanza kukasirika, kisha kuona haya kwa sababu amekasirika, kisha kunyamaza. Mgongo wake unauma, halali usiku, hafiki tena ibada. Hizo ni dalili, si upungufu wa imani. Siku moja ya mapumziko kila juma iwe katika mkataba. Katika familia ambayo haina fedha za kuajiri mtu, kanisa linaweza kutuma watu wawili kila Jumamosi ili mama wa nyumba alale, aende sokoni au akae tu bila kuitwa.

Kanisa la mahali lifanye nini

Katika Matendo sura ya 6, wajane walipokuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, mitume hawakusema kila mtu ajitahidi. Walitaka watu saba wachaguliwe kwa ajili ya kazi hiyo, wenye sifa njema. Nasi tunaweza kuanza hivi:

1. Mashemasi waandike orodha ya nyumba zote za ushirika zenye mtu asiyeweza kujihudumia, na jina la anayemtunza.
2. Wachaguliwe watu wawili au watatu wa kwanza, mwanaume akiwemo, wapelekwe staji katika kituo cha afya kilicho karibu.
3. Iwekwe sehemu ya sadaka kwa glavu, sabuni na posho ya wanafunzi. Iandikwe katika hesabu za kanisa kama mishahara mingine.
4. Mwalimu mmoja awatembelee wanafunzi kila juma na asome madaftari yao.
5. Baada ya mwaka mmoja watu hao wafundishe wengine.

Ushirika mdogo usio na fedha uanze na namba ya kwanza. Orodha peke yake itashangaza wengi.

Swali la kuanzia

Marko anasimulia juu ya Bartimayo, kipofu aliyekuwa akiomba kando ya njia ya Yeriko. Kila mtu aliyekuwapo aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, akangoja jibu.

Kijana anayeanza kazi hii Jumatatu asubuhi, awe Kapata au Ndosho, atakuta beseni, kitambaa na familia inayomwambia aharakishe. Aweke beseni chini, akae mahali ambapo mgonjwa anaweza kumwona usoni, amwulize tungeanza na nini leo. Kisha angoje. Wengine hawajaulizwa swali lolote kwa miaka, na jibu lao la kwanza linaweza kuchukua muda.